Mvua Ilipotufungia Nyumbani



Wapendwa katika Kristo, juma hili tunawaandikia juu ya siku moja ya mvua hapa kwetu Lukuledi. Huku kusini msimu wa mvua ni mmoja tu, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na mkulima anayepalilia mahindi na mbaazi hana sababu ya kuilalamikia. Nasi hatuilalamikii. Tunataka kuungama jinsi tulivyoitumia.

Jumatatu jioni mwalimu wa kigango kimoja kilicho ng'ambo ya korongo alitupigia simu. Bibi mmoja mzee alikuwa hoi kitandani, naye aliomba Mpako wa Wagonjwa. Tulimjibu, "Kesho asubuhi, Mwalimu, tutafika." Usiku huo mvua ilishuka kwa kishindo, na kulipokucha ilikuwa haijachoka. Baada ya Misa tuliitazama pikipiki barazani, tukaitazama njia iliyogeuka uji wa udongo, tukasema, "Leo haiwezekani. Ni mapenzi ya Mungu." Tulijaribu kumpigia Mwalimu, simu yake haikupatikana. Tuseme kweli: moyoni tuliona nafuu.

Basi siku ikawa yetu. Tulianza na shughuli ndogo ndogo zilizokuwa zimelala. Tulivaa mabuti ya mpira, tukachukua mwavuli, tukaenda dukani kununua misumari, sabuni na chumvi. Tukapita kwa fundi kuchukua viatu vilivyokaa kwake tangu Noeli. Tukapeleka cheti cha ubatizo kwa familia iliyokuwa ikikisubiri. Tuliporudi tuliweka ndoo chini ya bati linalovuja katika sakristia, tukaahidi kuliziba mvua ikikatika.

Kisha tukashika burudani yetu ya siku zote, kujalidi vitabu vya zamani. Tunalo kasha la vitabu vya sala na nyimbo, vingi vyao vilichapwa hapo jirani Ndanda, na migongo yake imekatika kwa kufunguliwa na mikono ya vizazi. Kazi yenyewe ni ya uzi, sindano, gundi na kipande cha kitambaa kigumu. Ukurasa uliochopoka unarudi mahali pake, na akili nayo inatulia.

Mchana watoto waliokuwa wakipita njia walikimbilia kwetu kujikinga na mvua, wakajaa sebuleni. Umeme ulikuwapo, tukawawekea sinema ya Amri Kumi, ile ya mwaka 1956 iliyoongozwa na Cecil B. DeMille, ambamo Charlton Heston anaigiza kama Musa. Ni sinema ya zaidi ya saa tatu na nusu, na watoto hawakutikisika. Dhamiri ilipojaribu kutuuliza neno, tulikuwa na majibu ya seminarini. Papa Pius XII, katika waraka wake Miranda Prorsus wa tarehe 8 Septemba 1957, alifundisha kwamba sinema, redio na televisheni, ingawa ni kazi ya akili ya mwanadamu, ni zawadi za Mungu. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anasimulia habari ya Mtume Yohane aliyekutwa akicheza pamoja na wanafunzi wake. Watu walikwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, na mwingine tena, halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo daima. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mwanadamu isiyopumzishwa kamwe. Tulijiona upinde uliolegezwa kwa haki.

Musa alikuwa amenyosha fimbo yake na bahari imeanza kugawanyika, mlango ulipobishwa. Alikuwa ni Mwalimu, amelowa tangu kichwani, suruali imekunjwa, miguu mitupu imejaa tope. Hakulaumu. Alisema tu, "Padre, nimekuja kutazama kama uko salama. Bibi anauliza kama umeshafika."

Mtu mwenye umri wa kuwa baba yetu alikuwa ametembea kwa saa moja na nusu katika mvua ambayo sisi tuliiita kizuizi. Tuliyatazama mabuti yetu mlangoni. Yalikuwa bado na tope la dukani.

Tulichukua mafuta ya wagonjwa na Ekaristi Takatifu, tukaondoka naye kwa miguu. Bahari ile ya sinema iligawanywa kwa ufundi: maji yalimwagwa ndani ya tangi kubwa, kisha picha zikaonyeshwa kinyumenyume. Korongo letu halikugawanyika. Tulingoja kidogo yapungue, tukavuka maji yakiwa magotini, Mwalimu ametushika mkono. Bibi alikuwa macho. Alipokea Mpako na Komunyo, kisha akamwambia mjukuu wake, "Mpe Padre khanga ajifute, amelowa." Tulijifuta, tukakosa la kusema.

Siku ya nne, njia ikiwa bado haipitiki kwa pikipiki, tulirudi kwa miguu kumzika.

Wapendwa, hatusemi kwamba kupumzika ni dhambi. Thoma wa Akwino hakukosea. Sisi ndio tulioishia katikati ya somo. Mahali pale pale anaongeza kwamba burudani yapasa ilingane na mtu, wakati na mahali. Vitabu, viatu na sinema ni vitu vyema, lakini siku ile havikuwa na zamu. Mvua ilituruhusu kufika dukani, kwa fundi na kwa jirani. Ilituzuia kufika mahali pamoja tu, pale tulipoona uzito wa kwenda. Wamisionari Wabenediktini walipofungua misheni hii ya Lukuledi mwaka 1895 hawakuwa na pikipiki ya kuwapa udhuru.

Jioni ile ya Jumanne, tukirudi, jua lilitokeza kidogo nyuma yetu na upinde wa mvua ukasimama upande wa uwanda wa Makonde. Tulikumbuka kwamba baada ya gharika Mungu aliuweka upinde wake mawinguni, uwe ishara ya agano. Mwalimu hakuutazama sana. Alikuwa akichagua mahali pa kukanyaga, ili tupite nyuma yake.

Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo watuletee majina ya wagonjwa wote kabla ya Dominika, hasa wa ng'ambo ya makorongo. Tutakuja kwa miguu. Nanyi mtuombee, na mmwombee marehemu bibi yetu apumzike kwa amani.

Tunawatakia Dominika njema.

Paroko wenu