Kioo kikifanya giza, shika kwanza pochi yako

Wiki hii naomba tuweke kando mambo ya mapenzi na mavazi, tuongee habari ya kompyuta. Najua wapo watakaoguna, "Aa, huyu naye, kompyuta na sie wapi na wapi?" Subiri kwanza. Siku hizi kompyuta ya mezani iko saluni, iko steshenari, iko kwenye banda la video, na kwa wengine ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Ikiugua yenyewe, nyumba nzima inaugua.

Ugonjwa ninaotaka kuusema leo ni mmoja tu. Unafungua sinema, inacheza vizuri ikiwa kwenye kidirisha kidogo. Ukiikuza ijae kioo kizima, ile wanayoita fulu skrini, mambo yanaharibika. Sauti unaisikia, picha hakuna, giza tupu. Au picha inakatika katikati kama mtu kaipitisha wembe. Au inakuja michirizi ya kijani. Ukiirudisha kuwa ndogo, inapona kana kwamba hakijatokea kitu. Ugonjwa wa kinafiki huu, siyo?

Mie nimekutana nao kwa mama yangu mdogo, kule Mbagala. Ana banda la video, haya ambayo wenyewe tunayaita kibanda umiza. Mabenchi, televisheni moja kubwa, na kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba, kaiunga na televisheni kwa waya. Kiingilio shilingi 500. Kwa mia tano mia tano hizo kasomesha watoto wawili, na wa tatu yuko kidato cha pili.

Ijumaa moja jioni watu wamejaa, sinema inaanza, kioo giza. Vijana wakaanza miluzi, "Mama, rudisha hela!" Akarudisha, mmoja mmoja, mpaka mkoba ukawa mwepesi. Kesho yake asubuhi akaitwa fundi. Huyu bwana hakukaa hata dakika kumi. Hakufungua boksi, hakugusa waya. Alitazama, akatikisa kichwa kama daktari wa wodi ya mahututi, kisha akatoa hukumu, "Mama, kadi ya picha imekufa. Laki moja na themanini, na leo leo nakuletea nyingine."

Mama mdogo akajifunga kanga aende kukopa kwenye kikoba. Pesa ya kikoba unaijua, msomaji. Ukichelewa kurudisha, hata salamu mtaani zinapungua. Mie nikamkuta mlangoni.

"Shikamoo mamdogo. Usiende kwanza, nipe saa moja tu."

"Marahaba mwanangu. Saa moja ndo itafufua maiti?"

"Maiti gani mamdogo anayecheza sinema kwenye kidirisha kidogo?"

Hapo ndipo penye siri yote. Kadi iliyokufa kweli haichagui. Mara nyingi utaona vidoa na michirizi tangu unapowasha mashine, hata kabla alama ya Windows haijatokea. Lakini kama kila kitu ni safi, ila sinema tu, tena ikijaa kioo kizima tu, basi usikimbilie kuzika.

Mie nimeishia kidato cha nne, sijasomea kompyuta popote. Ila nimekaa miaka miwili nyuma ya meza ya steshenari, na kazi ndiyo iliyonifundisha sheria moja: jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hata ikipona hujui kilichoponya, na ikirudi tena utaanza upya.

Nikaanza na televisheni. Nikachukua rimoti, nikafungua menyu ya televisheni yenyewe wakati kioo kiko giza. Menyu ikatokea safi, haitetemeki. Menyu ile inachorwa na televisheni, siyo na kompyuta. Kwa hiyo televisheni nzima. Nikaazima waya wa HDMI kwa jirani, nikabadilisha. Giza lile lile. Waya nao nikausamehe. Nikaweka sinema nyingine, halafu nyingine. Zote hivyo hivyo, maana yake faili halina kosa. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nione kama picha haijapelekwa kwenye kioo kingine. Hapana, ipo mahali pake.

Zikabaki kadi na programu. Naomba unisikilize hapa. Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni 2, na nukta hizo zinachorwa upya mara 60 kila sekunde. Prosesa ikiachiwa kazi hiyo peke yake na ile ya kufumbua sinema, itatokwa jasho. Kwa hiyo programu ya kuchezea video humtwisha mzigo msaidizi, ndiye kadi ya picha. Na anayetafsiri kati ya programu na kadi ni draiva. Sinema ikiwa kwenye kidirisha, Windows huichanganya na vitu vingine vya mezani. Ikijaa kioo kizima, mara nyingi njia hubadilika, picha ikakabidhiwa kadi moja kwa moja. Mkalimani akiwa na kigugumizi, ni hapo anapoumbuka.

Mama mdogo anatumia VLC. Programu hii ni ya bure, ilianzwa na wanafunzi huko Ufaransa mwaka 1996, kwa hiyo mtu akikudai hela ya "kuinunua" mtazame mara mbili. Nikabonyeza kontroli na P, nikaingia ukurasa wenye neno Codecs, nikazima ule msaada wa kadi. Nikafunga programu, nikaifungua tena, nikaikuza sinema. Picha hiyo, kioo kizima! Mama mdogo akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Nikamwambia, "Bado mamdogo. Hii ni gongo, mguu haujapona." Manake sasa prosesa ilikuwa inabeba mzigo peke yake, na sinema nzito ingeanza kukwama. Nikatazama orodha ya masasisho ya Windows. Kumbe Alhamisi, mwanawe alipoiunga mashine na intaneti ya simu, draiva ya kadi ilibadilishwa yenyewe. Ijumaa giza. Nikafungua Device Manager, nikaitafuta kadi, nikairudisha draiva ya zamani, nikazima mashine na kuiwasha. Halafu nikawasha tena ule msaada niliouzima. Sinema ikajaa, haikukata, haikukwama. Gharama yake shilingi 0, ukiacha soda mbili nilizonunuliwa.

Sasa wewe unayesoma, yako inaweza kuwa na dalili nyingine. Kama ni video za intaneti ndani ya Chrome zinazofanya giza, ingia setingi, sehemu ya mfumo, zima matumizi ya kadi ya picha, uifungue upya. Kama kingo za picha zinamezwa, maandishi ya chini hayaonekani, hiyo mara nyingi ni televisheni inayokuza picha kupita kiasi. Tafuta kwenye setingi zake ukubwa wa picha, chagua ule usiokuza. Kama kioo kimeganda ghafla, bonyeza Windows, kontroli, shifti na B kwa pamoja. Kwenye Windows 10 na 11, hiyo inaiamsha draiva upya bila kuzima mashine. Na kama giza linakuja baada ya nusu saa na boksi lina joto la pasi, zima, chomoa umeme, fungua, piga brashi vumbi kwenye feni.

Ukishindwa vyote hivyo, muite fundi. Mie siwatukani mafundi, wapo waungwana wengi mno, na kadi kufa zinakufa kweli. Ila muulize: "Umejuaje kama ni kadi? Umejaribu waya mwingine? Umeitazama draiva?" Fundi wa kweli atafurahi, atakuonyesha. Fundi maiko atakasirika, aanze kukurushia Kiingereza ili uone aibu na ufungue pochi.

Na hilo la aibu ndilo linaloniuma zaidi. Akina mama wengi wanalipa laki na zaidi siyo kwa sababu kifaa kimekufa, bali kwa sababu wameaminishwa kuwa kompyuta ni mambo ya wasomi, wao wakae kimya. Aliyesema hivyo nani? Mama mdogo hakufika hata darasa la saba, lakini juzi kamsaidia mwenye saluni ya pili yake. Kaanza na rimoti, kaja kwenye waya, na kule kwenye Codecs kaenda mwenyewe bila kunipigia simu.

Haya, tukijaliwa tuonane wiki ijayo.