Bunduki ya babu na papai juu ya kisiki

Katika kijiji kimoja cha teritware ya Fizi, pembeni ya Ziwa Tanganyika, seremala mmoja alirithi vitu vitatu baba yake alipofariki: shamba la mihogo, randa ya kazi, na bunduki ya zamani iliyofungwa ndani ya kitambaa chenye mafuta ya mawese. Bunduki hiyo ilikuwa imelala juu ya dari miaka mingi. Pamoja nayo kulikuwa na kopo la maziwa lenye risasi tano.

Familia inasema babu aliileta kutoka vita ya Tabora. Mwaka 1916 jeshi la Force Publique, chini ya jenerali Charles Tombeur, liliingia Rwanda na Burundi, likachukua Kigoma mwezi wa saba, na tarehe 19 mwezi wa tisa likaingia Tabora. Maelfu ya watu walitolewa vijijini kubeba mizigo ya vita hiyo, na wengi hawakurudi. Babu alirudi, lakini hakupenda kusimulia. Bunduki ndiyo iliyosema kidogo: juu ya chuma chake kuliandikwa Fabrique Nationale, Herstal. Ni Mauser ya Ubelgiji, mfano wa 1889, ya risasi za milimita 7,65.

Nguruwe wa pori walipoanza kuchimba mihogo, seremala alipanda shambani usiku na bunduki hiyo. Alipiga risasi mbili, hatua arobaini tu kutoka kwa mnyama. Zote zilipotea. Akairudisha darini, akisema imezeeka.

Mwaka uliofuata, familia mbili zilizokimbia vita kutoka milimani zilifika uani kwake. Alizipokea. Shamba lililolisha nyumba moja likawa linalisha nyumba tatu, na nguruwe hawakupunguza safari zao. Ndipo akaishusha tena bunduki na kuipeleka kwa mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kutengeneza silaha.

Mzee alihakikisha kwanza kwamba hakuna risasi ndani, kisha akachungulia mtutu.

— Mtoto wangu, bunduki haizeeki kama mtu. Inazeeka kwa chumvi na maji.

Akaeleza. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka kama msokoto wa kamba. Ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Risasi za zamani zilikuwa na baruti ya kuwashia inayoacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Askari asiyeosha bunduki yake baada ya kupiga, aliikuta na kutu. Mafuta peke yake hayatoi chumvi. Inatakiwa maji ya moto, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta.

Walifanya hivyo siku mbili. Kitambaa kilitoka chekundu, kikatoka cha kahawia, mwishoni kikatoka safi. Mifereji ilionekana bado. Mzee alimwonyesha pia kwamba Mauser hii ina bomba jembamba la chuma lililovikwa juu ya mtutu, ili mbao isiusukume. Wazo lilikuwa zuri, lakini katikati ya vyuma hivyo viwili maji yanajificha, na katika nchi ya mvua kama yetu kutu inakula bila kuonekana.

Kazi ya mbao seremala aliijua mwenyewe. Mbao ilikuwa imevimba na kupinda. Aliirekebisha taratibu, akakaza kwa turnevisi zile visi mbili zinazoshika chuma na mbao. Zikilegea, kila risasi inakwenda njia yake. Mwisho mzee alimfundisha kulenga chini. Bunduki za vita za wakati ule zilipangiwa kulenga mbali sana. Ukilenga karibu, risasi inapita juu.

— Na usidanganyike na vijana, mzee akaongeza. Risasi ya kalashnikov ni 7,62. Hii ni 7,65. Namba zinafanana, lakini si ndugu. Ukilazimisha, chuma kitakurudia usoni.

Siku ya kujaribu, wanaume wa nyumba jirani walikuja. Papai liliwekwa juu ya kisiki, hatua hamsini, na kilima nyuma yake. Risasi ya tatu ilikataa kulia. Mzee akamwambia abaki amelenga kilimani, asifungue haraka, maana risasi ya zamani inaweza kuchelewa. Ya nne ililia. Papai lilipasuka katikati. Wanaume wakapiga makofi.

Waliporudi nyumbani, ua ulikuwa mtupu. Chungu kilikuwa bado jikoni, uji umeungua. Mikeka haikuwepo.

Wanaume walikuwa wameambiwa siku ya kujaribu. Akina mama wa uani hakuna aliyewaambia. Waliposikia mlio mmoja kutoka upande wa kilima, walifanya kama walivyofanya milimani: walifunga watoto mgongoni wakakimbilia ziwani. Seremala aliwatafuta mpaka jioni. Aliwakuta kwenye matete, maji yakiwa magotini, mama mmoja amemziba mtoto mdomo ili asilie.

— Papa, kwa nini hukutuambia? mama huyo aliuliza.

Hakuwa na jibu. Bunduki ilikuwa imepata papai, lakini mlio ulikuwa umempata kila mtu.

Usiku ule hakulala. Alijua pia kwamba sheria ya silaha ya 1985 inadai ruhusa, na yeye hakuwa nayo. Mtu akikutwa na bunduki darini katika milima hii, nani atamsikiliza akisema ni ya nguruwe? Baada ya siku tatu alikwenda na chifu wa lokalite, wakaikabidhi kwa polisi pamoja na risasi ya mwisho na ile iliyokataa. Karatasi iliandikwa. Ndugu zake wa Bukavu walikasirika kwa simu: umetoa urithi wa babu bila kutuuliza. Mpaka leo mmoja hamsalimii.

Nguruwe bado wanakuja. Sasa nyumba zote tatu zinalinda shamba kwa zamu, kwa moto na makopo ya kupiga. Wanapoteza mihogo kidogo, lakini si yote. Na kila jioni, kabla ya zamu kupanda, mtoto mmoja anapita mlango kwa mlango akisema: leo usiku mkisikia kelele, ni sisi, ni makopo.