Rangi ya Karabai

Filamu ya rangi yenye kasi, yaani ISO 800 kwenda juu, imekuwa kitu cha anasa. Kodak Portra 800, mkanda wa picha 36, unaweza kukufikia Mwanza kwa zaidi ya shilingi 50,000. Gawanya kwa 36: kila ukibonyeza, hela ya soda imeondoka. Fuji nao walikuwa na Natura 1600, kipenzi cha wapiga picha za usiku, wakaacha kuitengeneza.

"Si upige na simu, kaka?" wananiuliza wenzangu wa chumba cha habari. Swali la haki. Kazini napiga na simu kila siku. Ila ninachokitafuta ni rangi ya karabai.

Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, maana taa ndiyo inayowavuta dagaa. Zamani, ukikaa ufukweni usiku kama huo, uliona mji mwingine umesimama juu ya ziwa, wa manjano. Sasa mji huo unazidi kuwa mweupe. Taa za LED zinachukua nafasi ya karabai, na simlaumu mtu: hakuna mafuta ya taa ya kununua kila safari, hakuna moshi kifuani.

Simu ikiona mwanga wa manjano inadhani kuna kasoro, inausogeza kuelekea weupe. Unaweza kuizuia, ndiyo, lakini hapo rangi unaichagua wewe kwa kidole. Filamu ya mchana haisahihishi kitu: karabai inatoka dhahabu, LED inatoka baridi. Ndiyo maana niliiacha hata CineStill 800T, nzuri kama ilivyo. Imetokana na filamu ya sinema ya Kodak iliyotengenezwa kwa mwanga wa balbu, ingeifanya karabai iwe karibu nyeupe. Ilford HP5 ni rahisi na unaweza kuisukuma hadi 1600, lakini ni nyeusi na nyeupe.

Nikapita studio moja ya zamani mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkanda wa rangi? Wa nini siku hizi?"

Akafungua droo, akatoa mmoja wa 800, bado una karatasi yake, muda wake umeisha miaka mingi. Nilimshukuru, nikauacha. Filamu ya kasi ndiyo inayoharibika mapema, na joto la droo halina huruma.

Jibu nililolipata ni la kawaida sana: Kodak UltraMax 400, kwa kama nusu ya bei ya Portra. Naipiga kama 800, kisha nikisafisha naiongezea muda kidogo kwenye dawa, nyuzi 38, beseni la maji moto na kipimajoto. Giza linakuwa zito, chembe zinaonekana, vivuli vinapoteza maelezo. Lakini napata sekunde 1 ya 60 badala ya 1 ya 30, na ndani ya mtumbwi unaoyumba hiyo ndiyo tofauti kati ya uso na ukungu. Mikanda yenyewe huja kwa basi kutoka Nairobi kupitia Sirari. Mashine za eksirei za uwanja wa ndege si rafiki wa filamu ya kasi.

Nilitoka na mvuvi mmoja ambaye bado alikuwa na karabai moja ya akiba. Mikanda miwili, picha 72, zilizosimama 11. Miezi kadhaa baadaye nilimpelekea zake Kirumba mwaloni. Uso wake hakuuangalia sana. Aliweka kidole kwenye ule mduara wa dhahabu.

"Hii si ndo ile taa niliyouza?"

"Ndiyo yenyewe, kaka."

Akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine kubwa zaidi, ya kuweka sebuleni. Nimebakiza mikanda mitatu kwenye friji, chini ya sangara, na kwa wenzake zimebaki karabai chache. Giza linaanza wiki ijayo.