Umri wa Mwili

Umri wa mtu huhesabiwa kwa miaka, lakini mwili una hesabu yake, na mara nyingi hesabu hizo mbili hazipatani. Jambo hili nilifunzwa kwa aibu juu ya kilima cha Munanila. Mama yangu hana cheti cha kuzaliwa. Mimi ninacho, pamoja na vyeti vya elimu. Siku moja tulipopanda kutoka bondeni alitangulia yeye, na mzigo wa maharage kichwani. Mimi, mwenye miaka 46, nilisimama mara tatu kutafuta pumzi. "Mwanangu," akasema, "umezeeka kabla yangu."

Wataalamu wa siku hizi wana kipimo cha jambo hilo. Mwaka 2013 Steve Horvath wa Marekani alionyesha ya kuwa alama za kikemia katika sehemu 353 za vinasaba huweza kukisia umri. Tangu hapo saa za namna hii zimeongezeka, na watu huuliza kama mwendo wake waweza kupunguzwa. Katika jaribio moja la Marekani watu wazima walitakiwa kupunguza robo ya chakula chao kwa miaka 2. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha ya kuwa kwa saa moja mwendo wa kuzeeka ulipungua kwa asilimia 2 hadi 3. Saa nyingine hazikuonyesha badiliko. Basi kipimo ni shahidi, si hakimu.

Iko habari ya karibu zaidi. Wanaume 77 walishiriki uchunguzi wa Kilimanjaro uliotangazwa mwaka 2025. Waliozoea vyakula vya asili walipolishwa chakula cha kizungu kwa wiki 2, alama za uvimbe wa ndani, ambao ni mwenzi wa uzee, zilipanda katika damu yao. Waliobadili kinyume chake walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye.

Niliposoma hayo nilitaka kuisifu Munanila kuwa ni dawa. Lakini usiku nilimsikia mama akiugulia magoti. Jembe lililompa pumzi ndilo lililomla viungo. Awasifiaye maskini shida yao kwa jina la afya huwadhulumu mara mbili.

Sasa natembea kila asubuhi, nami nimerudia maharage na ndizi. Likizo iliyopita niliuchukua mzigo wa mama mpaka kileleni, nikasimama mara moja tu. Saa ya vinasaba ingesema nini, sijui. Mama alipanda mikono mitupu, na hilo lilinitosha.