Dira ya Sentensi Moja

Ukiwa mwanachuo na kwenu ni kijijini, likizo si mapumziko. Utajaza fomu za watu, utasoma barua za benki kwa sauti, utaandika mihtasari ya vikao vya ukoo. "Si wewe msomi?" Likizo iliyopita nilipewa kazi mpya kabisa: kukaa na watu 12 wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, tuandike dira na dhamira ya shirika wanalotaka kulisajili.

Shirika la nini? Singida wengi mnaijua kwa alizeti, kuku wa kienyeji na vitunguu. Lakini ukipita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam ukauliza dada wa kazi katoka wapi, Singida haikosi kutajwa, pamoja na Iringa na Dodoma. Barabara kuu inapita Ikungi, na mabasi ya kutoka Mwanza yanapita hapo kila siku. Anakuja mtu, anaongea na mzazi, nauli inalipwa, mtoto anapanda. Kikundi hiki kilianza baada ya simu ya binti mmoja kuzimwa, na kwa miezi 8 nyumbani hawakujua yuko mtaa gani. Wakachanga nauli, wakatuma mtu, binti akapatikana. Ndipo wakasema: tusajili, tusingoje apotee mwingine.

Kusajili ni kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Unaweza kusajili ngazi ya wilaya, ya mkoa au ya taifa, na kati ya vitu unavyopeleka ni katiba na muhtasari wa kikao cha waanzilishi. Ndani ya katiba watu huweka dira, dhamira na malengo. Na hapo ndipo wengi hukimbilia steshenari kununua katiba ya mwenzao na kubadilisha jina tu.

Mjumbe mmoja alikuja nayo tayari, imechapwa vizuri. Dira ilisema: "Kuwa na jamii iliyowezeshwa, jumuishi na yenye maendeleo endelevu." Ikasomwa. Kimya. Kisha mama mmoja anayeuza uji stendi akaniangalia: "Mwanangu, na wale wafuga nyuki wakitaka dira, si watatumia hii hii?"

Watu walicheka, lakini swali lile lina maana kuliko semina nyingi nilizokaa. Kama sentensi yako inaweza kuhamia kwa wafuga nyuki, kwa timu ya mpira na kwa chama cha mikopo bila kubadilishwa neno, basi haijasema kitu kuhusu wewe.

Ilibidi tuanze na maneno yenyewe. Kiingereza hapa kinazungumzia kuona, yaani maono. Kiswahili kimechagua dira, chombo cha nahodha. Dira haikuonyeshi bandari. Inakuonyesha upande, na inakuambia ukipotoka. Dhamira nayo ni nia iliyo moyoni, ndugu yake dhamiri, ile inayomsuta mtu usiku. Wengine huandika dhima, yaani wajibu uliobebeshwa. Kwa hiyo nikawaambia hivi: dira inasema tunaelekea wapi, dhamira inasema tutafanya nini sisi wenyewe, kwa mikono yetu, na tutasutwa na nini tusipofanya.

Mfano wa karibu ni nchi yenyewe. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 iliweka mwaka ndani ya jina lake, na kati ya shabaha zake ilikuwa nchi ya kipato cha kati. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ikatuweka kwenye kundi la kipato cha kati cha chini. Unaweza kubishana hilo limebadilisha nini mezani kwenu, na watu wanabishana kweli. Lakini unabishana kwa sababu kitu kilisemwa kikapewa mwaka. Julai 2025 ikazinduliwa Dira 2050, nayo tutaipima hivyo hivyo. "Jamii iliyowezeshwa" utaipima na nini?

Basi mwalimu mstaafu akapendekeza: "Kijiji ambacho hakuna msichana anayekwenda kufanya kazi za ndani." Fupi, inapimika. Nikaanza kuandika.

Mama mwingine akasimama. "Basi mimi mnifute. Binti yangu alikwenda Dar akiwa na miaka 19. Bati la nyumba yangu ni lake. Michango ya shule ya mdogo wake analipa yeye. Dira yenu inasema mwanangu kapotea?"

Hakuna aliyejibu kwa muda. Mwalimu akasema polepole, "Mama, sisi tunasemea watoto." Naye akajibu, "Basi andikeni watoto."

Mabishano yakahamia kwenye umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mmoja akasema inatosha, tufuate sheria. Mwalimu akakataa: mwenye miaka 14 yuko kidato cha kwanza au cha pili, na tangu 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, sasa kwa nini aishie njiani? Saa mbili tulibishana. Mwisho ikatoka hii:

"Ifikapo mwaka 2035, kila mtoto wa kijiji chetu awe anamaliza kidato cha nne kabla ya kwenda kazini, na kila binti aliye kazini mbali awe anajulikana alipo."

Dhamira ikawa rahisi zaidi kuiandika ila ngumu kuikubali: "Tunaandika jina, mwajiri na simu ya kila binti anayeondoka. Tunampigia kila mwezi. Akitaka kurudi, tunakwenda kumchukua. Mtoto akianza kukosa shule, tunakaa na mzazi na mwalimu." Mweka hazina akashika hapo kwenye kumchukua: nauli itatoka wapi? Kama hatuna, tufute. Hawakufuta. Walikubaliana kuchanga 2,000 kila mmoja kwa mwezi. Ni 24,000. Haitoshi, lakini sasa ile sentensi ina bajeti.

Jamaa mmoja mzoefu wa kuandika maandiko ya miradi aliisoma akaniambia ni ndogo mno, wafadhili hawataiona. Inawezekana. Lakini lugha ya mfadhili ina mahali pake kwenye andiko la mradi, na kila mfadhili huja na yake. Dira inabaki ya wale watakaoulizwa na mama mwenye uji, stendi, miaka 10 ijayo: mlisema mtafanya, je, mmefanya?

Faili limeshapelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii wilayani. Cheti bado. Simu za kila mwezi zimeanza, maana kumpigia mtu hakuhitaji cheti.

Nawaachia mambo mawili, wanachuo wenzangu. Klabu yako hapa chuoni ina dira kwenye bango lake. Ipeleke kwa wafuga nyuki uone kama wataikataa. La pili, wengi wetu tumelelewa na dada wa kazi, au tukienda kwa shangazi wikiendi ndiye anayetupakulia. Muulize kwao ni wapi, na kama kuna mtu huko anayejua mtaa anaoishi. Kama hakuna, mpe simu yako apige.