Kuku au Samaki?

Tulikwama kwenye ukaguzi wa Terminali ya Tatu, Uwanja wa Julius Nyerere, kwa ajili ya juisi ya ukwaju. Tangu 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, chombo cha zaidi ya mililita 100 kilikuwa hakipiti kwenye mkoba wa mkononi, na chupa ya Mama ilikuwa ya lita nzima. Kijana wa ukaguzi akatuonyesha pipa. Mama hakubishana naye. Alirudi nyuma kidogo, akaanza kuwagawia watu wa foleni, wakipokezana mfuniko wa chupa, mpaka juisi ikaisha. Pilipili manga na unga wa mchele wa uji wa mzazi vilikuwa salama ndani ya sanduku. Dada yangu alikuwa amejifungua London, na bibi wa mtoto angekosaje? Mimi ndiye niliyekuwa msindikizaji, ingawa kwenye ndege tulikuwa wageni sote wawili.

Kutoka Dar hadi Doha ni kama saa sita. Nilidhani Mama ataogopa kupaa. Alisoma dua zake, akafumba macho, na ndege ilipotulia akaanza kunusa. "Wanapasha wali," akasema.

Kitoroli kikaja. Aliyekisukuma alikuwa binti wa Kikenya, na alipotusikia tunazungumza akainama: "Shikamoo mama. Utakula kuku au samaki?"

"Marahaba, mwanangu. Wewe umekula?"

Binti akacheka, akasema atakula baadaye. "Baadaye lini?" Mama akauliza, na swali hilo halikuwa la mzaha. Kwetu Tanga yeye hula wa mwisho. Hupakua, huangalia nani kakosa mchuzi, na akija kukaa wali umeshapoa na nyama zimebaki mifupa. Sikumbuki kumwona akiulizwa anataka nini. Sasa kafungwa mkanda, meza ndogo imemzuia mbele, na mtu amesimama kungoja jibu lake. Alichagua samaki. Kisha akageuka kunitazama, kama mtu anayeomba ruhusa.

Alikula kila kitu kwa utaratibu: wali, samaki, saladi, kijimkate na siagi yake, keki. Kwangu mimi chakula kilikuwa cha kawaida, chumvi haionekani. Alipomaliza alikusanya vyombo vyake, vyangu na vya mzee wa jirani, akavipanga kwa ukubwa, akaniuliza jiko liko wapi. Nikamweleza kwamba ndege haina jiko la kupikia. Chakula hupikwa chini, kikapoozwa, kikaja kupashwa kwenye oveni huku juu, ndiyo maana mashirika ya ndege hupenda vitu vya mchuzi ambavyo havikauki. "Basi kiporo," akasema. Hakukidharau, kiporo anakiheshimu.

Chai ndiyo iliyomshinda. Hewa ya ndani ya ndege hufanana na ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, juu kuliko Lushoto, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Majani hayakolei. Mama alionja, akaweka kikombe chini. "Hii imeoga tu."

Doha tulipita haraka. Alisimama mbele ya lile sanamu kubwa la dubu wa manjano lenye taa kichwani, pale uwanjani, akauliza bei yake, akaendelea na safari.

Safari ya pili, saa saba nyingine, alikuwa mwenyeji. Aliomba maji kabla hajaulizwa. Akaona jirani anakunywa juisi ya nyanya, naye akataka. Nilitegemea ataitema. "Rojo hili," akasema, "lakini zuri," akaomba ya pili. Baadaye nilikuja kusoma kwamba shirika la ndege la Lufthansa lilishangazwa na wingi wa juisi hiyo inayonywewa angani, na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, wakaeleza sababu: shinikizo dogo la hewa na ukavu wake hupunguza ladha ya chumvi na sukari, lakini juisi ya nyanya huonekana tamu kuliko inavyoonekana chini. Ulimi wa Mama ulikuwa umeshafika huko bila maabara. Aliinywa polepole, ramani kwenye skrini ikituonyesha tunakata anga la Uturuki, miguu ameitoa viatuni, blanketi hadi kifuani. Wahudumu walipopita na biskuti alipokea mbili, moja akaitia mkobani. Ya mjukuu, akasema, ambaye hakuwa na jino hata moja.

Kwa dada tulifika usiku. Jikoni vyombo vilikuwa vimejaa beseni, na nadhani dada alikuwa ameviacha makusudi, akijua mkono gani unakuja. Mama alimbeba mtoto, akamtemea dua, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akakaa kwenye sofa, akanyoosha miguu.

"Chai, mwanangu," akasema. "Na maji yachemke kwelikweli."

Dada akanitazama. Nikanyanyua mabega, nikakaa pembeni ya Mama. "Na mimi pia," nikasema.