Kuufuata Mto Ruaha: Faida ya Safari Yenye Swali

Aisifuye mvua imemnyea. Mwalimu atakaye kuwafundisha watoto habari za mbuga, milima na wanyama hana budi kuwa ameviona vitu hivyo kwa macho yake, japo mara moja. Lakini kuona peke yake hakutoshi. Nimepata kuongozana na makundi kadhaa ya wanachuo kwenda kwenye hifadhi zetu za taifa, nami nimesadiki kwamba faida ya safari haipimwi kwa idadi ya simba walioonekana, bali kwa swali ambalo wasafiri wamelibeba toka chuoni. Ipo safari moja iliyonithibitishia jambo hilo.

Tulitoka Morogoro mwezi wa Oktoba, katika basi la kukodi, tukikusudia kufika Hifadhi ya Ruaha kwa kupitia Mikumi na Udzungwa. Kabla ya kuondoka, kila mwanachuo alipewa swali moja la kuandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake: "Kwa nini hapa, na si pale?" Kila tuliposimama, aliandika alichokiona, mahali alipokiona, na sababu aliyoidhania.

Barabara kuu iendayo Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Twiga wa kwanza alipoonekana, basi zima lilipiga kelele. Twiga wa kumi alipoonekana, hakuna aliyegeuza shingo. Jicho lisilopewa kazi huchoka upesi. Hapo nikawakumbusha swali lao: mbona twiga wako kwenye migunga, na nyumbu wako uwandani? Baada ya kutazama kwa utulivu walilipata jibu wenyewe. Twiga hula majani ya miti, nyumbu hula nyasi, na kwa hiyo hukaa jirani bila kugombea chakula. Mtoto wa darasa la tatu aweza kulifikia jibu hilo kwa kutazama tu vinywa vyao vinaelekea wapi.

Kutoka mji wa Mikumi tulipinda kusini hadi Kidatu. Hapo ndipo tulipoukuta Mto Ruaha Mkuu kwa mara ya kwanza, ukitoka milimani baada ya kuendesha mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1975. Mbele kidogo iko Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Humo hutembelewa kwa miguu. Tulipanda ndani ya msitu mnene wenye unyevu, tukawaona mbega wekundu, tukafika kwenye maporomoko ya Sanje ambayo maji yake huanguka kiasi cha meta 170. Msitu huo una aina ya nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, naye akapewa jina la Sanje. Wanachuo walishangaa kusikia kwamba vitabu havijamaliza kuandikwa.

Kesho yake tulirudi Mikumi na kushika njia ya magharibi. Haukupita muda mrefu tukawa katika bonde kavu la Ruaha Mbuyuni, lenye mibuyu mikubwa isiyo na jani hata moja. Mto ulikuwa kando yetu, ni ule ule wa Kidatu, na milima ilikuwa ile ile ya Udzungwa, ila sasa tuliitazama kwa upande wa pili. Swali likajiuliza lenyewe. Mwanachuo mmoja alichuchumaa, akachora mlima mavumbini kwa kidole. Akaeleza kwamba upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa mashariki na kuumwaga unyevu wake huko, kisha huvuka kilele ukiwa mkavu. Somo hilo la kivuli cha mvua nimelifundisha ubaoni miaka mingi, lakini sijapata kuona likieleweka upesi namna ile.

Tulipanda Kitonga, tukalala Iringa, na asubuhi tukaingia Hifadhi ya Ruaha. Huko tuliukuta mto wetu kwa mara ya tatu, lakini haukuwa na maji. Palikuwa na mchanga mtupu, na hapa na pale dimbwi la tope ambamo viboko walisongamana mgongo kwa mgongo. Tembo mmoja alikuwa akichimba mchanga kwa miguu na mkonga hadi maji yakachimbuka, na swala wakasimama mbali wakingoja zamu yao.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza alitueleza kwamba zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi. Juu yake iko Usangu, yenye kinamasi cha Ihefu, mifugo, na mashamba makubwa ya mpunga yanayotumia maji ya vijito vyake.

Ndipo binti mmoja, mzaliwa wa Usangu, aliponigeukia. "Mwalimu," alisema, "ada yangu ilitoka kwenye jaruba la baba. Je, nikamwambie aache kulima?"

Sikumjibu, wala wenzake hawakumjibu. Jioni tulikaa tukalijadili swali lake. Mmoja alisema kwamba wote tulikuwa tumekula wali mchana. Mwingine akakumbusha kuwa taa za chuo chetu huwaka kwa umeme unaotegemea maji hayo hayo, hapo Kidatu na katika bwawa la Mtera. Nikawaeleza kuwa mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya bonde hilo ikaingizwa katika hifadhi, bila ubishi kwisha. Mwishowe binti yule alisema neno ambalo hatukulipata kitabuni: kwamba kwao maji huachwa yakipita mferejini usiku na mchana, hata mavuno yakiisha kuingia ghalani. Baba yake, alisema, angeweza kulima na bado kuufunga mfereji.

Ndugu mwanachuo, katika darasa utakalopewa watakuwamo watoto ambao tembo wamekula mahindi yao, na wengine ambao wazazi wao wanaishi kwa maji yanayopungua mtoni. Ukiwaimbisha tu kwamba wanyama ni urithi wetu, wataimba, lakini moyoni watakuona hujui mambo. Waache kwanza waseme wanayoyajua. Kisha waulize maswali yatakayounganisha yale ambayo ratiba imeyatenga: jiografia, sayansi na uraia ni mto mmoja.

Kama shule yako haina fedha ya basi, usikate tamaa. Chagua kijito kilicho karibu. Wapange watoto kwa makundi, kila kundi na daftari, na uwe umekwisha kuipita njia mwenyewe ili ujue penye hatari. Kisha mkifuate kuelekea kinakotoka, mkiuliza kila mnaposimama ni nani anayetumia maji hayo, na nani anayangoja huko chini. Mkirudi darasani, maswali mliyoshindwa kuyajibu yaandikwe ubaoni, na yasifutwe mpaka kipindi kifuatacho.